Dhamiri, Woga na Upweke: Njia ya Maisha katika Riwaya Tatu za Kiswahili

Riwaya ya Kiswahili imeshughulikia sana suala la mtu kuitafuta njia yake ya maisha. Wahusika wake wengi hufika kwenye njia panda: mzazi anasema hivi, mwajiri anasema vile, jamii inadai hili, na ndani ya mhusika mwenyewe kuna sauti inayosema jambo jingine. Wasomaji wetu hapa Bujumbura, ambao wengi wao ni vijana wanaojiandaa kuwa walimu, huipokea mada hii kwa hamu kuliko nyingine zote, na sababu yake ni dhahiri. Wako miongoni mwao waliojiunga na masomo ya Kiswahili kinyume cha ushauri wa nyumbani. Wameulizwa mara nyingi: "Hicho Kiswahili kitakulisha nini?" Kwa hiyo wanapokutana na mhusika aliyeacha kazi ya mshahara kwa sababu moyo wake ulimtuma kwingine, hawamsomi kwa ajili ya mtihani tu. Wanamsoma kama shahidi katika kesi yao wenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kumhoji shahidi huyo. Tumechagua riwaya tatu ambazo wasomaji wetu wanazifahamu: Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1968 baada ya mwandishi kufariki, na mbili za Euphrase Kezilahabi, yaani Rosa Mistika ya mwaka 1971 na Kichwamaji ya mwaka 1974. Swali letu ni moja: riwaya hizi zinatufundisha nini kuhusu kuiamini sauti ya ndani, na je, fundisho hilo linamfaa kijana wa Burundi?

Maneno kwanza

Kabla ya kuingia katika riwaya zenyewe, yafaa tuyatazame maneno tunayoyatumia. Kiswahili hakina neno moja la jambo hili, kina mengi. Tunasema moyo, nafsi, roho, dhamiri. Mtu anaposhindwa kuikubali safari fulani husema moyo wake haukumpa. Aliyefanya kosa, nafsi humsuta. Anayekaribia kutenda jambo asilolielewa husema roho yamtuma. Na mitaani, aliyehisi hatari kabla haijaonekana husema machale yalimcheza. Ukiyaangalia maneno haya kwa makini utaona kwamba kila moja linataja kazi tofauti. Kuna sauti inayoonya, kuna inayoshitaki baada ya tendo, kuna inayosukuma, na kuna inayobashiri. Anayesema "nafuata moyo wangu" hajatuambia bado ni ipi kati ya hizo anayoifuata.

Dhamiri lina mkasa wake katika karatasi za mitihani. Kila mwaka wako wanaoliandika mahali pa dhamira, wakatuambia kwamba dhamiri kuu ya riwaya ni ujenzi wa jamii mpya. Tunawasahihisha, lakini makosa hayo hayakutoka hewani. Maneno haya mawili yana asili moja katika Kiarabu, na yote yanahusu kile kilichofichwa ndani: dhamira ni kilichofichwa ndani ya kazi ya sanaa, dhamiri ni kilichofichwa ndani ya mtu. Vyote viwili havionekani kwa kutazamwa juu juu. Huhitaji kusomwa.

Kirundi nacho kinatusaidia. Warundi husema ijwi ryo mu mutima, yaani sauti iliyomo moyoni. Na umutima wa Kirundi ni ndugu wa mtima, neno ambalo Kiswahili cha leo kimeliacha mikononi mwa washairi. Mwanafunzi wa Burundi anapokutana na mtima katika ushairi wa zamani haokoti neno geni, anakutana na jamaa yake. Tunalitaja hili kwa sababu kuna wanaodhani kwamba habari za kuisikiliza nafsi ni mtindo ulioletwa na vitabu vya ng'ambo vya kujiendeleza. Lugha zetu zinashuhudia vingine. Wazee walilijua jambo hili na walilipa jina.

Utubora: dhamiri isiyo na deni

Kisa cha Utubora kinajulikana. Ni kijana aliyerudi kutoka vitani, akafanya kazi ya ofisi mjini kwa tajiri Ahmed. Ni mtumishi hodari na mwaminifu, na tajiri wake hataki kumpoteza. Hata hivyo, Utubora anaiacha kazi hiyo na kwenda Busutamu kulima. Huko anafanya kazi kwa mikono yake, anaishi vizuri na majirani, na hatimaye anarejeana na Sheha, mchumba wake wa zamani ambaye aliolewa na mwanamume mwingine wakati yeye akiwa vitani.

Wahakiki wengi wamemlaumu Shaaban Robert kwa kuumba wahusika bapa, ambao majina yao ndiyo tabia zao. Utubora ni utu bora, basi, na hatarajiwi kutenda baya. Lawama hiyo ina ukweli, lakini kwa maoni yetu haigusi uzito wa riwaya. Jambo la maana katika Utubora Mkulima si kwamba mhusika ni mwema. Ni kwamba wema wake una kazi ya kufanya. Utubora haendi Busutamu kukaa chini ya mti na kuisikiliza nafsi yake. Anakwenda kulima. Na shamba ni hakimu mgumu: halijali mtu amesema nini kuhusu moyo wake, linajali amepanda lini na amepalilia mara ngapi. Shaaban Robert anatuambia kwamba sauti ya ndani hujulikana ukweli wake inapopewa jembe. Ikiwa ni ya uvivu, msimu mmoja unatosha kuifichua. Huo ni ufahamu mkubwa, na haukuzeeka.

Udhaifu wa riwaya hii tunauona mahali pengine. Utubora hana deni kwa mtu. Anapoacha mshahara, hatuoni nyumba inayolala njaa kwa sababu hiyo. Hatumwoni mama anayesubiri fedha ya dawa, wala mdogo wake anayerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Anayeumia kwa uamuzi wake ni tajiri Ahmed peke yake, naye atapata karani mwingine. Sasa mpeleke Utubora huyo Kinama au Kamenge, au kwenye kilima cha Ngozi ambako shamba la familia limegawanywa kati ya ndugu hadi likabaki vipande vidogo vidogo. Kijana wa kwanza katika ukoo kupata mshahara haupati peke yake. Nyuma yake kuna watu ambao walikosa mengi ili yeye asome. Je, dhamiri yake ikimwambia aondoke, dhamiri hiyohiyo inasema nini kuhusu watu hao? Shaaban Robert hakuliuliza swali hili ndani ya riwaya, na msomaji wa Bujumbura hawezi kukwepa kuliuliza.

Ajabu ni kwamba mwandishi mwenyewe alilijua swali hilo vizuri kuliko mhusika wake. Shaaban Robert alianza kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni mwaka 1926, na alidumu katika ofisi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30. Alifiwa na mkewe Amina akiwa na watoto wa kulea. Hakuondoka kwenda Busutamu. Alibaki mezani, akapokea mshahara, akalea, na pamoja na hayo akaandika vitabu vilivyoipa fasihi ya Kiswahili sura mpya. Wanafunzi wetu wakisoma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini sambamba na Utubora Mkulima wataona kwamba kuna njia mbili za kuifuata sauti ya ndani. Moja ni ya kuondoka, ambayo riwaya inaisifu. Nyingine ni ya kubaki huku ukiilinda kazi ya moyo wako pembeni mwa kazi ya mkate, na hiyo ndiyo aliyoiishi mwandishi. Kwa nini tunawafundisha ya kwanza tu?

Rosa: woga si dhamiri

Riwaya ya kwanza ya Kezilahabi inatupeleka Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwandishi mwaka 1944. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi na ni mkali. Anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles. Kwa muda mrefu Rosa anawaogopa wanaume, na watu wanaomtazama kwa nje wanaweza kusema ni msichana mwadilifu. Lakini anapokuwa mbali na nyumbani, hasa anapofika chuo cha ualimu, mambo yanageuka. Anaingia katika maisha ya anasa, na anapojirudi na kutaka kuanza upya, Charles anamkataa kwa sababu hakumkuta bikira. Rosa anajiua.

Riwaya hii ilipotoka ilizua mzozo, na kwa muda ilizuiwa shuleni. Waliotaka izuiwe waliona ndani yake uchafu. Sisi tunaona hoja ya malezi ambayo ni kali kuliko mahubiri mengi. Kezilahabi anauliza: mtoto aliyelelewa kwa fimbo anakua na nini ndani yake? Jibu la riwaya ni kwamba anakua na sauti ya baba. Sauti hiyo inafanana sana na dhamiri. Inakataza, inaonya, inatisha. Lakini ni ya kuazimwa, na mwenyewe akiwa mbali haisikiki tena. Rosa hakuwahi kuruhusiwa kuchagua jambo dogo na kukosea kidogo. Siku alipopata nafasi ya kuchagua, alichagua makubwa bila mazoezi.

Hapa ndipo tunapoona kwamba ushauri wa "uamini moyo wako" haumtoshi kila mtu. Ukimpa Rosa ushauri huo siku anapofika chuoni, atauliza kwa haki: moyo upi? Ule ulioumbwa na woga wa Zakaria, au ule uliofurahi kuachana na woga huo? Hakuna hata mmoja kati ya hiyo miwili uliowahi kupata nafasi ya kupevuka. Mtu hawezi kuitegemea sauti ambayo haikufundishwa kusema.

Lazima pia tuseme kwamba mwandishi hakumtendea Rosa haki yote. Anatueleza mengi yanayompata, na machache anayoyawaza. Tunaujua mwili wake na aibu yake kuliko tunavyoijua akili yake. Charles, ambaye hukumu yake ndiyo inayommaliza, haulizwi na yeyote kuhusu maisha yake mwenyewe. Wasomaji wetu wa kike wamekuwa wepesi kuliona hili kuliko wenzao wa kiume, na tunadhani wana haki. Msichana anaambiwa asikilize nafsi yake, kisha anahukumiwa kwa sikio la mwanamume.

Kazimoto: nafsi iliyobaki peke yake

Kichwamaji ni riwaya ngumu zaidi, na wengi huimaliza wakiwa na huzuni. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, tena ndiye msimulizi. Tunamkuta katika ofisi ya Manase, rafiki yake wa zamani ambaye sasa ni mtu wa cheo, akisubiri kuonwa. Baadaye tunajifunza kwamba Manase ndiye aliyemharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, na mama yao naye anakufa. Kazimoto anamwendea Sabina, dada yake Manase, akiwa na nia ya kisasi, lakini mwishowe anamwoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, kama alivyokuwa mtoto wa Manase. Kazimoto anajiua.

Imekuwa desturi kusema kwamba Shaaban Robert alikuwa na matumaini na Kezilahabi alikata tamaa, kisha mjadala ukafungwa hapo. Tunaona maelezo hayo ni mepesi mno. Tofauti ya Utubora na Kazimoto haiko katika furaha na huzuni, iko katika namna kila mmoja anavyoihoji nafsi yake. Kazimoto ana akili nyingi. Anayachambua yote: imani ya wazazi, mila, elimu aliyoipata, mapenzi, Mungu. Kila linalosemwa na wengine analipima na kuliona pungufu. Hilo si kosa. Msomi hutakiwa kuhoji. Ila Kazimoto akishawakataa washauri wote, anabaki na mshauri mmoja tu, yaani yeye mwenyewe, na mshauri huyo hana wa kumkosoa. Waswahili husema akili ya kuambiwa, changanya na yako. Methali hii ina pande mbili, na watu hupenda kuishika moja. Wako wanaochukua akili ya kuambiwa bila kuchanganya, kama Rosa wa mwanzo. Na wako wenye akili yao tu, ambao hawana cha kuichanganya nacho. Kazimoto ni wa kundi hili la pili.

Yaangalie pia mahusiano yake. Hata nia yake ya kisasi, ambayo yeye anaiona kuwa ni madai ya moyo uliojeruhiwa, inamfanya amtumie Sabina kama chombo kabla ya kumjua kama mtu. Sauti ya ndani inayokuamuru umdhuru asiye na hatia ili kumwadhibu mwenye hatia inajieleza kwa lugha ya haki, lakini ni hasira. Sisi Warundi hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Nchi yetu imewaona watu waliotenda maovu huku wakiamini kwa dhati kwamba mioyo yao iko upande wa haki. Uhakika wa moyo, peke yake, si ushahidi.

Kwa haki ya mwandishi tuongeze kwamba Kezilahabi hakuishia kwa Kazimoto. Katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 alilirudia suala la mtu anayetafuta, safari hii kwa mtindo wa ndoto na fumbo. Mtafutaji wa Nagona hafiki mahali tunapoweza kupataja kwa urahisi, lakini anatembea. Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alituachia wahusika waliokufa kwa kukosa njia, na baadaye akatuachia mhusika anayeendelea kuitafuta. Wanaomwita mwandishi wa kukata tamaa wamesoma nusu ya kazi zake.

Umushingantahe na vijana wa Buta

Tumesema kwamba Utubora ana dhamiri bila deni, Rosa ana woga uliovaa nguo za dhamiri, na Kazimoto ana nafsi isiyo na mwenzi. Je, kuna mfano wa sauti ya ndani iliyolelewa vizuri? Tunaamini upo, na hatuna haja ya kwenda mbali.

Utamaduni wa Burundi una taasisi ya ubushingantahe. Umushingantahe ni mtu mzima anayeaminiwa kusuluhisha ugomvi na kusema kweli hata inapomgharimu; jina lake linatokana na intahe, fimbo ya haki anayoipiga chini wakati wa kuamua. Watu hutarajia awe na uadilifu wa ndani usionunuliwa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kujitangaza mwenyewe kuwa umushingantahe kwa sababu moyo wake umemwambia. Desturi ilitaka kwanza atazamwe na majirani na wazee kwa muda mrefu: anaongeaje, anakunywaje, anawatendeaje wa nyumbani mwake, anasemaje asipokuwapo wa kumsikia. Baadaye ndipo husimikwa mbele ya watu wote na kula kiapo. Wazee wetu, basi, walikuwa na imani kubwa na sauti ya ndani ya mtu, ila waliitaka ipite kwanza kwenye macho ya wengine. Walijua kwamba dhamiri njema huishi ndani ya mtu mmoja lakini hulelewa na wengi.

Mfano wa pili ni mzito, na tunautaja kwa heshima. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, huko Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu kwao na Watutsi kwao. Vijana hao walikataa. 40 kati yao waliuawa. Padre Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari hiyo, ameandika kitabu kuhusu tukio hilo na kuhusu juhudi za walimu na wanafunzi za kuishi kama ndugu wakati nchi ilipokuwa ikigawanyika.

Sisi tunafundisha fasihi, na hatupendi kuligeuza tukio la namna hii kuwa mfano wa darasani kwa haraka. Hata hivyo lina jambo la kutufunza. Mtu akiamriwa mbele ya bunduki hana muda wa kutafakari. Hana muda wa kuuliza moyo wake unasema nini. Anachotenda hapo ni kile kilichokwishaamuliwa zamani, kidogo kidogo, mezani, uwanjani, katika maongezi ya jioni, katika kila siku ambayo alikula na mwenzake bila kumuuliza kabila. Uamuzi wa Buta ulionekana asubuhi moja, lakini uliandaliwa kwa miaka. Na ulikuwa wa kila mmoja na wa wote kwa pamoja: kila kijana alibaki mahali pake, na aliweza kubaki kwa sababu mwenzake alibaki.

Ukiurudisha ufahamu huu kwenye riwaya zetu, unaona kilichokosekana. Rosa hakupata miaka ya maandalizi, alipata fimbo. Kazimoto alipata elimu, hakupata wenzake wa kusimama nao. Utubora alikwishaandaliwa kabla ya ukurasa wa kwanza, na mwandishi hakutuonyesha ni nani aliyemwandaa.

Hitimisho

Kutokana na mjadala huu tuna mapendekezo matatu kwa walimu wenzetu na kwa wanafunzi watakaokuwa walimu.

Kwanza, riwaya hizi zisomeshwe pamoja. Mara nyingi Shaaban Robert huwekwa katika mwaka wa mwanzo na Kezilahabi katika mwaka wa baadaye, kana kwamba mmoja ni wa watoto na mwingine wa watu wazima. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi humsadiki wa kwanza bila kumhoji, kisha anapomfikia wa pili humcheka wa kwanza. Wakiwekwa meza moja watajibizana, na mwanafunzi atafaidika na majibizano hayo.

Pili, tuache kuuliza katika mitihani kama mhusika ni mwema au mbaya. Tuulize alipata wapi sauti anayoifuata, nani aliilea, nani anailipia gharama, na nani anayeweza kumwambia amekosea akasikilizwa. Maswali haya manne yanamfaa Utubora, yanamfaa Rosa, yanamfaa Kazimoto, na yanamfaa pia kijana anayesimama mbele ya mlango wa ofisi ya kujiandikisha akiwa hajaamua aingie idara gani.

Tatu, tusiwadanganye vijana kwa upande wowote. Tusiwaambie kwamba anayeufuata moyo wake atafika Busutamu na kupata kila kitu, hata mchumba aliyempoteza. Tusiwaambie pia kwamba moyo ni adui na kwamba usalama uko katika kutii. Tuwaambie kwamba sauti ya ndani ipo, kwamba inastahili kusikilizwa, na kwamba kama shamba lolote hutoa mavuno kulingana na palizi. Anayetaka kuitegemea wakati mgumu aanze kuilea wakati mwepesi: katika ahadi ndogo anazotimiza, katika kazi anayoifanya vizuri bila kusimamiwa, na katika kuchagua marafiki wanaothubutu kumpinga.

Na kwa wale walioulizwa Kiswahili kitawalisha nini, jibu letu ni fupi. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lugha hii imefungua milango ambayo haikuwapo hapo awali. Lakini mlango uliofunguka haumwambii mtu kama aingie. Hilo ataliamua mwenyewe, baada ya kuwasikiliza wazazi wake vizuri, kuhesabu gharama, na kujua ni nani watakaoibeba pamoja naye. Akishafanya hivyo na moyo wake bado unamtuma kuja kwetu, aje. Kazi ya kulima ipo.